RAMANI ZA VIDUARA

Huenda wanachama mmeziona ramani za sensa zenye duara juu ya kila wilaya. Duara hukatwa vipande kama mkate wa kumimina: kipande cha watoto, cha watu wazima na cha wazee. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, na programu ya QGIS hupatikana bure.

Tutazame Tabora, walikotoka Wanyamwezi wengi waliokuja zamani kuchuma karafuu visiwani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 396,623 wilayani Uyui, na 226,999 katika manispaa ya Tabora. Basi Uyui ni mara moja na robo tatu ya mji. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukiongeza upana wa duara kwa kadiri hiyo, nafasi linayoifunika huwa mara tatu, na jicho hupima nafasi. Mwenye kugawa zahanati kwa kuitazama ramani hiyo atawapunja watu wa mjini. Upana uzidi kwa thuluthi tu, yatosha; iamrisheni programu ifuate eneo, si kipenyo.

Tena, Uyui imeuzunguka mji. Kompyuta ikitafuta katikati ya wilaya, huenda ikaliweka duara la Uyui juu ya lile la mji. Lisogezeni kwa mkono hadi Isikizya, penye makao makuu ya wilaya.

Vipande visizidi vinne. Na msichore wanaume na wanawake: karibu kila mahali ni nusu kwa nusu, na ramani nzima haisemi neno.