Nahodha Huhesabu Mwezi

Simu yenye GPS humwonyesha nahodha mahali alipo kwa kukosea mita chache tu. Haimwambii kama mwamba ulio mbele yake una maji ya kutosha kupitisha chombo. Swali hilo la pili mabaharia wa pwani yetu walikwisha kulijibu karne nyingi kabla ya setilaiti, kwa kuhesabu mwezi.

Maji hujaa na kupwa kwa mvuto wa mwezi, na kwa kiasi kidogo wa jua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa karibu mstari mmoja. Mivuto huungana, na siku moja au mbili baadaye huja bamvua. Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati huo hufikia takriban mita 4. Wiki moja baadaye mwezi na jua huvuta kwa pande tofauti, nayo maji huwa mafu: hayajai sana wala hayapwi sana.

Saa nazo zina utaratibu wake. Unguja na Mombasa, wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku mwezi huchelewa kwa wastani wa dakika 50, na maji huchelewa nao. Kwa siku saba ni dakika 350, karibu saa sita. Kwa hiyo maji yanapokuwa mafu mambo hugeuka: hujaa kiasi cha saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Anayeijua tarehe ya mwezi mwandamo anaijua ratiba ya bahari bila chaji wala mtandao.

Ni kweli kwamba jedwali la maji lililochapishwa lina usahihi zaidi kuliko hesabu ya kichwani, na litumike. Lakini anayetegemea chanzo kimoja hana namna ya kugundua kosa lake. Mawimbi ya GPS hutoka zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, hufika yakiwa dhaifu, na ni rahisi kuvurugwa. Ndiyo maana chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani, kilichokuwa kimeacha kufundisha kuongoza meli kwa nyota, kilirudisha somo hilo mwaka 2015.

Vyuo vyetu vya ubaharia na uvuvi viwaalike manahodha wazee darasani wangali hai. Mwanafunzi ahesabu siku tangu mwezi uandame, aandike saa anayotarajia maji kujaa, kisha afungue jedwali. Majibu yakipishana kwa saa mbili au tatu, kuna kosa mahali, na litafutwe kabla nanga haijang'olewa.