KACHUMBARI YA PARACHICHI NA FAIDA ZAKE MWILINI

Katika soko la Mbumbuni, lililo sehemu za Mbooni, Kaunti ya Makueni, mama aendaye kununua mboga huweza kupata katika safari moja maparachichi, nyanya, vitunguu, ndimu, dania na pilipili. Ni vitu vya kila siku, wala hakuna avionaye kuwa ajabu. Lakini ni wachache wafahamuo kwamba vikichanganywa katika bakuli moja, bila nyama, bila maziwa na bila moto, huwa kitoweo kiwezacho kuukamilisha mlo wa muthokoi au isyo ambao watu wa Ukambani wameula tangu zamani.

Parachichi si mti wa asili wa Afrika. Kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, ambako watu walilila tunda hilo maelfu ya miaka kabla ya merikebu za Ulaya kufika. Waazteki waliliita tunda ahuacatl, na mchuzi wake mbichi wakauita ahuacamolli. Wahispania waliligeuza neno hilo likawa guacamole, na kwa jina hilo chakula chenyewe huuzwa leo katika hoteli kubwa za Nairobi kwa bei ya kushangaza. Mpishi wa Mbumbuni atakionja na kusema kwamba ni kachumbari iliyotiwa parachichi, naye hatakuwa amekosea.

Kuitengeneza ni kazi ya dakika chache. Kwa jamaa ya watu wanne au watano yatosha maparachichi mawili yaliyoiva, nyanya mbili, kitunguu kimoja kidogo, maji ya ndimu moja, fungu dogo la dania, na pilipili kwa wale waipendao. Parachichi hupondwa kwa uma au kijiko, vingine hukatwa vidogo vidogo, kisha vyote huchanganywa na kutiwa chumvi kidogo tu. Maji ya ndimu yana kazi mbili: huleta ladha, tena huchelewesha kule kugeuka rangi na kuwa nyeusi kunakolipata parachichi lililokatwa.

MAFUTA YA TUNDA

Matunda mengi, kama embe, papai na chungwa, yana maji na sukari, lakini mafuta yake ni kidogo mno. Parachichi ni mbali na hayo. Katika gramu 100 za nyama yake, yaani karibu nusu ya tunda kubwa, mna gramu 15 hivi za mafuta, gramu 7 hivi za nyuzinyuzi, na nguvu ipatayo kalori 160. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni ya namna ile ile ipatikanayo katika mafuta ya zeituni, nayo si ya kuganda kama yalivyo mafuta meupe ya kopo.

Tofauti hiyo si ndogo kwa afya ya moyo. Mafuta ya kuganda, yakiliwa kwa wingi siku zote, huzidisha kolesteroli mbaya katika damu, na kolesteroli hiyo hujenga ukoko ndani ya mishipa mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Mwaka 2022 jarida la Shirika la Moyo la Marekani lilichapisha habari za watu zaidi ya 110,000 ambao vyakula vyao na afya zao zilifuatwa kwa muda wa miaka 30. Wale waliokula nusu ya parachichi angalau mara mbili kwa juma walionekana kuwa na hatari ya maradhi ya moyo na mishipa iliyopungua kwa asilimia 16 kuliko wale wasiokula kabisa au waliokula kwa nadra. Habari hiyo yafaa ipokewe kwa kiasi. Huenda wala parachichi wa Marekani pia hutembea zaidi, huvuta sigara kidogo na wana fedha nyingi, na hesabu peke yake haiwezi kuyatenganisha mambo hayo yote kwa hakika. Neno ambalo madaktari wanakubaliana ni kwamba kuyaweka mafuta ya namna hii mahali pa mafuta ya kuganda ni jambo jema. Kuyaongeza tu juu ya chapati iliyokwisha kunywa mafuta si faida.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi kwa mtu wa shamba haimo katika parachichi lenyewe, bali katika vile tunda hilo linavyovisaidia vyakula vingine. Rangi nyekundu ya nyanya, rangi ya manjano ya karoti na ya embe, na rangi hiyo hiyo iliyofichwa chini ya kijani cha majani ya kunde, zote ni za jamii moja. Baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa mtoto nguvu ya kushindana na maradhi. Sasa rangi hizo haziyeyuki katika maji; huyeyuka katika mafuta. Mtu alaye majani na nyanya bila mafuta yoyote hupitisha sehemu kubwa ya mali hiyo tumboni bila kuichukua.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2005. Waliwapa watu kachumbari ya nyanya, mara moja bila parachichi na mara nyingine pamoja na gramu 150 za parachichi, kisha wakaipima damu yao. Ile rangi nyekundu ya nyanya iliingia katika damu mara 4.4 zaidi palipokuwa na parachichi, na ile igeukayo kuwa vitamini A iliingia mara 2.6 zaidi. Nyanya zilikuwa zile zile. Kilichozidi ni parachichi.

NDIMU NA UPUNGUFU WA DAMU

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi, nao ni chakula chema chenye kujenga mwili. Una madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili hutumia kutengeneza damu. Shida yake ni kwamba chuma cha nafaka na maharagwe hakichukuliwi na mwili kwa wepesi kama kile cha nyama, maana ndani ya mbegu mna kitu kinachokikamata. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio waumiao kwanza. Huwa wachovu, hupauka na kuishiwa na pumzi.

Vitamini C hukifungua chuma hicho, nayo imo katika maji ya ndimu, katika nyanya mbichi na katika pilipili. Lakini ni lazima viliwe katika mlo ule ule. Ndimu iliyonyonywa asubuhi haisaidii muthokoi wa jioni. Chai hufanya kinyume chake: ikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma, kwa hiyo ni afadhali ingoje muda wa saa moja. Hili lapasa kusemwa wazi, kwa sababu katika nyumba nyingi chai hunywewa papo hapo na chakula, hata na watoto.

Sababu ya kuviacha vitu hivi vibichi ni kwamba vitamini C huharibiwa na moto na kupotelea katika maji ya kuchemshia. Nguvu ya matunda ya jamii ya ndimu ilijulikana kabla jina la vitamini halijabuniwa. Mwaka 1747 daktari wa manowari ya Kiingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa wakioza ufizi kwa ugonjwa wa kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wengine wote.

Hata hivyo si kweli kwamba kila kitu kibichi ni bora. Ile rangi nyekundu ya nyanya huchukuliwa na mwili vizuri zaidi nyanya ikipikwa. Basi mchuzi wa nyanya usidharauliwe kwa ajili ya kachumbari. Kila kimoja kina kazi yake.

Kitunguu, kitunguu saumu na dania vina faida zake ndogo ndogo, na faida iliyo kubwa pengine ni kukipa chakula ladha ili chumvi ipungue. Watu husimulia mengi juu ya kitunguu saumu kuwa ni dawa ya shinikizo la damu. Asiwepo mgonjwa atakayeacha vidonge vyake kwa masimulizi hayo. Ama pilipili, imesingiziwa sana kuwa huleta vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi huletwa na kijidudu. Pilipili huweza kumwasha mwenye vidonda, lakini si mama wa vidonda.

Parachichi lina pia potasiamu, kupita ndizi yenye uzito uo huo, na madini hayo husaidia kuyapunguza madhara ya chumvi katika damu. Lakini mtu mwenye maradhi ya figo na amwulize daktari kwanza, kwani figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu iliyozidi. Tena mna foleti, iliyo muhimu kwa mama mjamzito. Lakini tunda haliondoi haja ya vidonge anavyopewa kliniki. Mtoto aliyetimiza miezi sita huweza kupewa parachichi lililopondwa likawa laini, pasipo chumvi wala pilipili, huku akiendelea kunyonya.

MAJI NA MIKONO

Chakula kisichopita motoni hakina wa kukiua kijidudu. Katika sehemu kavu za Makueni maji ya nyumbani mara nyingi huchotwa katika visima vilivyochimbwa mchangani mwa mito, mahali ambapo ng'ombe na mbuzi nao hunywa. Nyanya na dania zilizooshwa kwa maji hayo huweza kuleta kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu, kama kile kilichoanza Oktoba 2022 na kuenea katika kaunti nyingi za Kenya. Maji ya kuoshea yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni. Ganda la parachichi pia lioshwe kabla ya kukatwa, ijapokuwa haliliwi, kwa kuwa kisu huuingiza uchafu wa ganda ndani ya nyama. Wako wanaodhani kwamba ndimu huua vijidudu vyote; haiviui vyote. Kachumbari iliyobaki usiku isihifadhiwe hadi kesho mahali pasipo na jokofu.

Jambo jingine ni la zizini. Majani na maganda ya parachichi yana sumu iitwayo persini, ambayo huweza kudhuru kiwele na moyo wa mbuzi, na huua ndege pia. Matawi yaliyokatwa yasitupwe kwa mbuzi, hata wakati wa kiangazi majani yapotafutwa kwa shida, na maganda yasimwagwe mbele ya kuku.

TUNDA LA KUUZA NA TUNDA LA KULA

Siku hizi parachichi ni fedha. Kenya ni mojawapo ya nchi za Afrika zinazopeleka ng'ambo maparachichi mengi zaidi, na wanunuzi huzunguka vijijini wakitafuta matunda ya aina ya Hass na Fuerte. Fedha hiyo ni njema, kwani hulipa karo. Hasara iko pale mti mzima unapochumwa kwa siku moja na kupakiwa garini, kisha sehemu ya fedha ikarudi dukani kununua mafuta ya kupikia, ambayo kwa Kenya mengi yake hutokana na michikichi ya nchi za mbali, na karibu nusu yake ni ya kuganda. Nyumba imeuza mafuta yaliyo bora na kununua yaliyo duni, na watoto hawakuonja kitu.

Kuna njia ya kuliepuka jambo hilo, nayo imo katika tabia ya mti wenyewe. Parachichi haliivi mtini. Tunda lililokomaa huweza kungoja tawini kwa majuma kadhaa likiwa gumu, na kulainika huanza likishachumwa. Kwa hiyo mwenye mti aweza kuacha tawi moja au mawili kwa ajili ya nyumba yake, akachuma matunda matatu au manne kila juma na kuyaweka ndani. Akiyataka mapema, na ayafunge katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Hewa itokayo katika ndizi huyaharakisha.