Sanduku la Mama na Hesabu ya Waliosoma

Zamani kidogo nilimpeleka mama yangu, Mola amrehemu, katika ofisi moja hapa Mombasa akatie saini hati fulani. Karani alilitazama buibui lake, kisha akaniuliza mimi: "Huyu amesoma mpaka darasa la ngapi?" Nikamjibu hakuingia skuli. Basi akaandika kuwa hajui kusoma, akamsogezea wino atie dole gumba. Mama akatia, kimya. Nami nikanyamaza, na hilo hadi leo laniuma, kwani mama alihitimu Kurani kabla hajaolewa, na barua zake akiziandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Kwa hivyo nisikiapo ati watu wa Pwani hawakuwa na elimu, humkumbuka karani yule. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858. Skuli ya serikali ya Waarabu ikafunguliwa Mombasa mwaka 1912. Miaka 54 hiyo watu walisoma wapi? Chuoni, kwa ubao na wino!

Lakini mapenzi yasinipofushe. Iko elimu tuliyoikosa kwa hofu zetu. Tangu Krapf alipofika Rabai mwaka 1846, skuli za misheni zilikwenda pamoja na Biblia, na wazee wakachelea watoto wao kubatizwa. Hofu ile ilikuwa na sababu, ila tuliilipia ghali. Katika miaka ya 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa gazeti lake la Al-Islah, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini.

Mimi ni wa zama za maziwa ya Nyayo: asubuhi skuli, alasiri chuoni. Karo ilikuwa imeondolewa katika madarasa manne ya chini mwaka 1974, ingawa michango ya majengo haikukoma, na palipokuwa na uhaba aliyesalia nyumbani alikuwa msichana. Dada yangu alitolewa darasa la saba akaozwa. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wanawe walikwenda wote, na kitinda mimba wake sasa yuko Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilichopata hati yake kamili mwaka 2013.

Likizo iliyopita binti huyo alifungua sanduku la bibi yake, akatoa karatasi moja, akaishika kichwa chini miguu juu. "Mjomba, hebu nisomee."

Ilikuwa barua ambayo mama hakuipeleka. Alikuwa akimwandikia kaka yake, aliyeishikilia ile harusi: "Mwache mtoto amalize. Mimi nimesoma na hakuna anionaye kuwa nimesoma."

Binti aliniomba niisome tena, polepole, akatoa kalamu akainakili kwa herufi zake.