Kisima kisicho na kifuniko

Wapendwa, mkaguzi akisema kisima au pisine ya nyumbani si salama, wengi wetu tunakasirika. Lakini Kutoka 21:33-34 yafundisha kwamba aliyeacha shimo wazi atalipa mnyama akitumbukia. Je, mtoto wa jirani tutamlipa kwa nini?

Hapa Bunia watoto wa majirani na wa ndugu waliokimbia vita huingia viwanjani mwetu kuchota maji. Shirika la Afya Duniani laonyesha kuwa watoto wa miaka 1 hadi 4 ndio wanaozama zaidi. Basi tusibishane. Leo tuweke kifuniko kizito chenye kufuli. Pisine tuizungushie uzio pande zote nne, wenye mlango unaojifunga wenyewe. Kisha tumwite mkaguzi arudi. Mpaka hapo, mtu mzima akeshe karibu na maji.