Kabureta si ya pikipiki yako? Kagua manifoldi kabla ya kurudi barabarani

Msimu wa korosho ukianza, hakuna bodaboda wa Nachingwea au Ruangwa anayetaka pikipiki yake ilale gereji. Hesabu ya bosi haisubiri. Kabureta ikifa na ya aina ile ile ikakosekana dukani, njia ya haraka ni kufunga iliyopo, hata kama ni ya pikipiki nyingine.

Inawezekana, na injini ikawaka vizuri tu. Ila kazi ikilipuliwa, uliyeokoa siku moja utajikuta unanunua pistoni.

Tatizo liko wapi?

Kati ya kabureta na injini kuna manifoldi, kile kipande kifupi cha bomba kinachopitisha hewa iliyochanganyika na petroli. Kabureta ngeni inaweza kuwa na matundu ya bolti yasiyolingana nayo, au tundu la katikati kubwa zaidi.

Ili petroli iungue yote, kila gramu 1 inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Maungio yakiwa na upenyo, injini inavuta hewa ya pembeni ambayo haikupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa pungufu, joto linapanda, na pistoni inaweza kuungua.

Fundi afanye nini?

- Achonge kibao cha alumini chenye matundu ya manifoldi na ya kabureta. Kisawazishwe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisha gasketi ziwekwe pande zote mbili.
- Kama tundu la manifoldi ni dogo, alitanue kwa tupa taratibu bila kuacha ngazi ndani. Manifoldi itolewe kwanza na isafishwe, maana unga wa alumini ukiingia kwenye silinda unakwangua.
- Kabureta ikae wima. Ikilala, boya la ndani linapima petroli vibaya.
- Mpira wa chujio la hewa ubane. Vumbi la barabara zetu kiangazi halina huruma.

Kubwa si lazima iwe bora

Tundu la milimita 30 lina eneo kubwa kwa karibu asilimia 33 kuliko la milimita 26. Kwenye injini ndogo hewa inapita polepole, hivyo ukivuta mafuta ghafla pikipiki inakwama. Huenda hata jeti, kitundu kinachopima petroli, ikabidi ibadilishwe.

Jinsi ya kupima

Washa pikipiki, iache sailensa, kisha nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Mlio ukibadilika, kuna mahali inavuta hewa.

Ukishatembea nayo, subiri ipoe ufungue plagi. Kahawia ni dalili nzuri. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, petroli ni pungufu: usipakie abiria wala gunia la korosho, irudishe kwa fundi kwanza.