Vijiti vyekundu havihitaji kubebwa sandukuni

Kila baridi ya Ulaya ikiingia, jamaa zetu walioko Uingereza na Kanada hututumia picha za theluji. Katika picha hizo huwemo kichaka kimoja ambacho hakina hata jani, vijiti vyake vimesimama wima, vyekundu kana kwamba vimechovywa kwenye rangi ya mlango. Mwaka huu picha hizo zimezaa maneno. Mpwa wangu anafundisha shule huko Bomet, na binamu yake wa Leicester amemuahidi kwamba akija likizo atamletea vipande vya kichaka hicho, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, katikati ya nguo. Akaniuliza: "Mjomba, nivipande mbele ya nyumba au ubavuni?" Nilimjibu asiletewe kabisa. Kwa kuwa si yeye peke yake anayetamani vijiti hivyo, na mimi diploma yangu ni ya kilimo cha bustani, nimeona bora nieleze sababu hapa.

Kichaka chenyewe hakina jina la Kiswahili, maana hakijapata kuwa chetu. Wataalamu hukiita Cornus alba, nami nitakiita konasi. Asili yake ni Siberia, kaskazini ya Uchina na Korea. Amerika Kaskazini kuna ndugu yake, Cornus sericea, ambaye vijiti vyake wenyeji wa huko walivisukia vikapu tangu zamani, kama sisi na ukindu.

Siri ya wekundu wake ni kisu. Konasi akiachwa akue apendavyo, baada ya miaka mitatu au minne vijiti hupauka vikawa rangi ya udongo, na atakayepita hatamtazama mara ya pili. Kinachong'aa ni kijiti kichanga tu. Ndiyo maana watunza bustani wa Uingereza, baridi inapokaribia kwisha na kabla majani hayajachipua, hukata kichaka chote hadi kibaki kisiki cha vidole vitatu au vinne kutoka ardhini. Jirani asiyejua atasema umekiua. Baada ya hapo hutoka machipukizi mapya, yanakua msimu wote wa joto yakiwa yamefunikwa na majani, na majani yakipukutika ndipo wekundu unapojitokeza. Basi ndugu uliye Leicester au Toronto, ukikitaka kipande penye jua na udongo usiokauka, kiache mwaka wa kwanza na wa pili kishike mizizi, kisha ukikate kila mwaka bila huruma. Ukitaka kingine, chukua kijiti cha urefu wa shubiri wakati wa baridi, kichomeke ardhini nusu yake, kitashika. Huko ndiko kwao.

Wekundu wenyewe ni rangi ya asili iitwayo anthosayanini. Usiogope jina, rangi hii unaijua. Ndiyo iliyomo kwenye choya tunayochemsha tukanywa baridi, na ndiyo inayotia watoto madoa ya shati wakila zambarau. Mmea hutengeneza rangi hii zaidi unapopata jua kali pamoja na baridi.

Hapo ndipo mpwa wangu aliponibana. Akasema: jua lipo, baridi ipo, Kericho na Bomet watu wanalala na mablanketi mawili. Ni kweli. Mji wa Kericho uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua ya alasiri haikosi, na mvua ya mawe huanguka huko mara nyingi kuliko karibu popote duniani. Mtu wa Mombasa akishuka kwenye matatu pale bila sweta hujuta. Lakini baridi ya Kericho ni ya usiku. Haina msimu. Miti ya kaskazini haihesabu baridi peke yake, bali huhesabu pia urefu wa siku. Siku zikifupika, mti unajua wakati wa kumwaga majani umefika. Bomet haifiki hata digrii moja kusini ya ikweta, na mchana wake ni saa kumi na mbili Januari, saa kumi na mbili Julai. Hakuna kitu cha kumwambia konasi avue majani yake. Na asipoyavua, ule wekundu uliotamaniwa kwenye picha unabaki umejificha ndani ya kijani kama vichaka vingine vyote.

Hilo lingekuwa hasara ya mpwa wangu peke yake. Lakini sanduku halibebi kijiti tu. Linabeba na kilichojibanza kwenye gome: mayai ya wadudu, mbegu za kuvu, minyoo ya mizizi isiyoonekana kwa macho. Watu wa nyanda za juu wana kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1990 kidukari wa misaipresi aliingia Kenya, mdudu mdogo kama chembe ya mtama, na nyua za misaipresi zilizokatwa vizuri kuzunguka nyumba na shule zikageuka kahawia moja baada ya nyingine, pamoja na mashamba ya miti ya serikali. Na sisi wa Pwani tusijifanye wageni wa habari hizi. Mathenge, mti wa miiba unaowatesa wafugaji wa Tana River na Baringo hadi leo, rekodi zinaonyesha uliletwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya karibu na Mombasa, kwa nia njema kabisa ya kurudisha kijani penye mashimo. Gugu maji la Ziwa Victoria nalo lilitoka kwao Amerika Kusini likisafirishwa kama pambo, kwa sababu lina ua zuri.

Konasi ana ugonjwa wake pia. Tangu miaka ya 1970 ukoo huo huko Marekani umesumbuliwa na kuvu inayokausha majani na matawi na kuua miti mingi msituni. Nasema ukoo kwa sababu sisi tunaye mmoja wao. Kwenye misitu ya milimani ya Afrika Mashariki, hasa kandokando ya mito, kuna mti uitwao Cornus volkensii, uliopewa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Ni mti mrefu wa msitu, hauna vijiti vyekundu wala hauhusiani na mapambo, na ndiye konasi pekee wa asili kusini mwa Sahara. Kuna mchezo mmoja wa kumtambua mtu wa ukoo huu: chukua jani, livunje katikati polepole, uvute vipande viwili. Utaona nyuzi nyembamba kama za buibui zimevishikilia. Mti ulioishi peke yake muda wote huo haufai kuletewa maradhi ya binamu zake ndani ya begi la likizo.

Sheria nayo ipo. Mmea wowote unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS kilichotolewa kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi unakotoka. Mingine hupitishwa kwanza kwenye kituo cha karantini cha Muguga ichunguzwe. Watu wengi huona hayo ni usumbufu wa maofisa wa uwanja wa ndege. Mimi nikifikiria maelfu ya familia za Kericho na Bomet zinazolipa karo kwa majani ya kichaka cha aina moja, kilima baada ya kilima bila mapumziko, naona usumbufu huo ni mdogo mno. Ugonjwa ukipata zulia la namna hiyo hautafuti njia.

Sasa, mwenye kutaka wekundu afanye nini? Wekundu upo Kericho, tena umezaliwa hapo hapo. Kituo cha utafiti wa chai cha Kericho kilifanya kazi kwa takriban miaka ishirini na mitano kupata chai ya zambarau, nacho kikaitoa kwa wakulima mwaka 2011 kwa jina TRFK 306. Machipukizi yake ni mekundu yanayoelekea zambarau, na rangi ni ile ile anthosayanini. Na tabia yake na ya konasi ni moja. Jani likikomaa wekundu hufifia, kijani kinarudi. Kinachong'aa ni kipya tu, na kipya huja ukikata. Mchumaji wa chai anayepita kila wiki moja au mbili akichukua majani mawili na kichomozo ndiye mtunza bustani bora kabisa wa kichaka hiki, na huko Bomet hakuna asiyejua kazi hiyo.

Kwa bustani, michai mitano au sita kando ya njia ya kuingilia inatosha. Nunua miche kwenye kitalu kinachotambuliwa, si kwa mtu wa barabarani, kwani michai michanga hufanana na utauziwa ya kijani. Mche mzuri umekaa kitaluni karibu mwaka, ndani ya kifuko, ukitokana na kipande cha shina chenye jani moja. Panda mvua zikianza, futi mbili na nusu kati ya mche na mche. Chai hupenda udongo wenye tindikali, kwa hiyo majivu ya jikoni yaende kwenye sukuma wiki, yasikaribie hapo. Ikishashika, kata shina la katikati kwenye kimo cha shubiri moja ili itanuke badala ya kurefuka, maana chai iliyoachwa huwa mti kamili. Halafu chuma mara kwa mara, na kila mwaka wa tatu au wa nne pogoa ushushe kichaka chote kama wafanyavyo mashambani.

Nasema bustani, sisemi shamba, na hapa nina sababu. Wakulima kadhaa waliopanda chai ya zambarau kwa matumaini ya bei kubwa wamelalamika kwa miaka kwamba viwanda vya kuisindika peke yake ni vichache, hivyo majani yao huishia kuchanganywa na ya kijani na kulipwa bei ile ile. Kiwanda cha Kangaita, kinachojulikana kwa chai hii, kiko Kirinyaga, na mtu wa Bomet hawezi kubeba majani mabichi hadi huko yakafika salama. Kwenye mnada wetu wa Mombasa, ambao uko hapa tangu 1969, wanaotawala ni chai nyeusi za kawaida. Mwenye ekari moja asing'oe michai ya babake kwa sababu ya rangi.

Kuna watakaoniambia juu ya mnyaa wa rangi, ule wa vijiti vya machungwa na wekundu unaouzwa vitaluni sasa. Ni kweli unapendeza, na kwenye baridi hukolea. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali, na mpwa wangu ana mtoto wa miaka miwili. Mbarika wenye shina jekundu nao mbegu zake ni sumu. Chai haina hatari hiyo.

Na ina ziada. Chukua machipukizi machanga, yapitishe kwenye mvuke dakika moja mbili, yakaushe, kisha yatie maji ya moto. Utapata kikombe chenye rangi ya zambarau hafifu. Usitie maziwa, yataua rangi na ladha. Kamulia ndimu, utazame kikombe kikigeuka waridi mbele ya macho yako, kwa sababu anthosayanini hubadilika rangi ikikutana na uchachu. Watoto huomba urudie. Sukari kwa kiasi, na ukipata mkate wa sinia wa jana, usiutupe.