Umemjibu Dereva, Sasa Moyo Unakuhukumu

Akina mama wengi siku hizi tunaendesha magari. Tunapeleka watoto shule, tunakwenda kazini, sokoni, hospitali kumwona mgonjwa, na Jumamosi mazoezi ya kwaya. Mjini Dar es Salaam safari hizo hupita Ubungo, Mwenge au Buguruni, na huko ndiko tunakojaribiwa. Dereva anatanua pembeni ya foleni, anakuchomekea bila kuwasha taa, na ukipiga honi anafungua kioo na kukutukana. Mara nyingi tusi lenyewe linagusa uanamke wetu: rudi jikoni, nani kakupa leseni, gari hilo umehongwa.

Wapo wanaonyamaza, na wapo wanaojibu. Makala hii ni kwa ajili ya waliojibu, maana hao ndio wanaotuambia kwa sauti ya chini, baada ya kipindi cha akina mama, kwamba mioyo yao haina amani.

Tunamfahamu mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyemrudishia konda wa daladala tusi ambalo hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Kiti cha nyuma walikuwapo watoto wake wawili, kimya. Jioni yule mdogo akamwita dada wa kazi kwa neno lile lile. Jumapili iliyofuata mama huyu alibaki kwenye benchi wenzake walipokwenda Meza ya Bwana. Alikumbuka agizo la Bwana Yesu katika Mathayo 5, kwamba mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Lakini ndugu huyo atampata wapi? Jina halijui, namba ya gari hakuishika, na daladala za njia ile ni nyingi.

Swali hili si dogo, wala tusilijibu kwa kusema, “Achana nalo dada, makonda ndivyo walivyo.” Konda naye ni mtoto wa mama fulani. Pamoja na dereva wake ametoka nyumbani alfajiri, na fedha za kwanza za siku si zao: kuna mafuta, kuna hesabu ya tajiri, ndipo wapate chao. Kila dakika ya foleni inakula chakula cha watoto wao. Hayo hayahalalishi tusi hata kidogo. Ila yanatusaidia kumwona mtu pale tulipokuwa tunaona bati na namba tu.

Kwanza tupime ni nini hasa kilichotendeka. Kupiga honi ili mtu asikugonge si dhambi. Kumweleza askari wa usalama barabarani habari za dereva anayehatarisha abiria si kisasi. Kuna akina mama wanaojihukumu hata kwa hayo, kwa sababu tumelelewa kudhani kwamba mwanamke Mkristo hana ruhusa ya kukasirika. Paulo alipowaandikia Waefeso, katika sura ya 4, aliitenganisha hasira na dhambi, akataka tu hasira isilale nasi hadi jua lizame. Lakini kutukana, kumzibia mtu njia kwa makusudi, au kumfukuza ili umwonyeshe, hayo moyo unapoyahukumu unahukumu kweli.

Basi tukiri mbele za Mungu, na tulitaje jambo lenyewe kwa jina lake. Yule konda huenda hatutamwona tena, na hilo tumwachie Mungu anayemfahamu. Lakini wapo tuliowakosea tunaowajua vizuri mno, nao walikaa kiti cha nyuma. Mtoto hahitaji hotuba. Inatosha kumwambia: “Neno nililosema jana lilikuwa baya. Nilikasirika, nikakosea. Nimemwomba Mungu msamaha, na wewe pia nisamehe.” Mama yule alifanya hivyo, na mtoto akamwomba msamaha dada wa kazi bila kusukumwa. Yeye mwenyewe alirudi mezani pa Bwana, ingawa anasema bado hushtuka akisikia konda akigonga bati.

Tunapenda sana habari ya Abigaili katika 1 Samweli 25, nayo pia ilitokea njiani. Nabali, mumewe, alikuwa amewatukana watu wa Daudi, na Daudi akashuka na watu 400 wenye panga kwenda kulipa. Abigaili hakumwambia Daudi kwamba hakutukanwa. Alipanda punda, akatanguliza mikate 200, divai, kondoo watano, bisi, zabibu kavu na tini, akamkuta njiani. Hoja yake kubwa ilihusu kesho ya Daudi: atakapokuwa mfalme, asije akawa na moyo unaomchoma kwa damu aliyoimwaga kwa kujilipizia kisasi. Daudi alimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke huyo.

Sisi mara nyingi hatuna Abigaili garini, na mwili nao hautusaidii. Ukitukanwa, homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, na hali hiyo hubaki hata yule dereva akishapotea. Mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 duniani walikufa kwa ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo ingia kituo cha mafuta, simama, kunywa maji, mpigie rafiki. Mtu akishuka na kukufuata, funga milango, usishushe kioo, na ukiweza kuondoka elekea kituo cha polisi, si nyumbani kwako.

Limebaki la waume zetu. Wengine wanaendesha kama vita, na watoto ndani, na mke akisema neno anaambiwa hajui barabara. Abigaili alipomkuta Nabali amelewa kwenye karamu yake hakumwambia lolote usiku ule. Alingoja asubuhi, divai ilipomtoka, ndipo akazungumza. Nasi tuseme asubuhi, chai ikiwa mezani na funguo za gari zikiwa bado zimetundikwa ukutani.